Rufaa ya adhabu: ya mfungwa na ya upande wa mashtaka

Dereva mlevi anapomjeruhi mtu vibaya, adhabu yake inaweza kukatiwa rufaa na pande mbili. Nchini Kanada, ambako kosa hilo linaweza kumfunga mtu hadi miaka 14, kizingiti ni kilekile kwa wote: kosa la kisheria alilofanya jaji na lililoathiri adhabu, au adhabu isiyofaa kwa uwazi kabisa. Haitoshi majaji wa rufaa kuona kwamba wao wangepunguza miezi kadhaa.

Mfungwa huegemea rekodi safi, kukiri mapema na majuto, mambo ambayo mara nyingi jaji wa kwanza amekwisha kuyapima, na ndiyo maana naiona njia yake kuwa nyembamba. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya ulevi iliyoua watu wawili, ilirudisha kifungo cha miaka sita na nusu ambacho mahakama ya rufaa ya Quebec ilikuwa imekipunguza hadi minne.

Upande wa mashtaka huonyesha kipimo cha pombe, uti wa mgongo uliovunjika na hatia za awali. Kikwazo chake ni muda: majaji husita kumrudisha gerezani mtu aliyekwisha kumaliza kifungo na kurejea kazini.