Betri ya lithiamu kwenye trela letu la kulala safarini, miezi 8 sasa

Jamani ile betri ya maji tulokuwa nayo mwaka mmoja na nusu tu chali, tulikuwa tunaikamua mpaka taa za ndani zinafifia kumbe chaji ikishuka chini ya nusu, yaani volti 12.1 hivi, unaiua mwenyewe. Hii ya lithiamu Ah 100 (saa-ampea, yaani kiasi cha umeme inachobeba) hita inakesha nayo na asubuhi bado nachaji simu, halafu nyepesi, kilo 11 hivi. Ila chaja ya zamani ya trela inaishia volti 13.6, hii inataka kama 14.4 ndo ijae vizuri, ikabidi ninunue chaja nyingine na muuzaji kimyaaa hakusema. Na huku Minnesota baridi ikishuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi inagoma kupokea chaji, nimeihamishia chini ya kitanda. Nyota 4.