Ziara ya Forum ya Pompeii pekee: uzoefu wangu, nyota nne

Kama una nusu siku tu Pompeii, achana na zile ziara za mji mzima, lipia ya Forum peke yake. Mimi nimeijaribu na nimeipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibana nitaieleza huko mbele. Kampuni siitaji jina, maana ziara za aina hii zinauzwa na wengi.

Kwa asiyejua, Forum ndio uliokuwa uwanja mkuu wa Pompeii, mji wa kale wa Waroma huko Italia, kabla ya volkano ya Vesuvius kuufukia mwaka 79 BK. Una urefu wa kama mita 142 na upana wa mita 38. Ukishuka kwenye treni ya kutoka Napoli na kuingia kwa lango la Porta Marina, unapanda kimlima kifupi na umeshafika. Shida ni kwamba ukifika huna unachokiona: nguzo zilizokatika, vitako vya sanamu visivyo na sanamu, na watu wanajipiga picha huku Vesuvius ikiwa nyuma yao. Makundi mengi niliyoyaona yalisimama dakika chache, yakapigwa picha, kisha yakaswagwa kwenda kuangalia danguro. Sisi tulibaki.

Mwongozaji wetu, mama wa makamo aliyesomea akiolojia, alianza na huo utupu wenyewe. Mwaka 62 BK tetemeko la ardhi liliuharibu mji vibaya, na miaka kumi na saba baadaye ukarabati wa uwanja ulikuwa bado haujaisha. Kisha baada ya mlipuko, watu walirudi kuchimba na kuchukua marumaru na sanamu zilizokuwa na thamani. Kwa hiyo unachokiona leo kimeharibiwa na majivu, na pia kimekombwa na watu.

Baada ya hapo alitupeleka pale barabara ya Via dell'Abbondanza inapokutana na uwanja. Kuna mawe yamesimamishwa wima, mkokoteni haupiti. Ndani ya uwanja kila mtu alitembea kwa miguu yake, awe hakimu au mchuuzi. Kaskazini kuna hekalu la mungu Jupiter, kusini ofisi za mji, magharibi hekalu la mungu Apollo na ile Basilica kubwa iliyokuwa mahakama na mahali pa wafanyabiashara kukutana, mashariki soko la vyakula. Sokoni hapo katikati walikuta magamba ya samaki kwenye mfereji wa maji machafu. Nilicheka, maana hilo ndilo jambo moja la Pompeii ambalo halihitaji maelezo.

Mimi nauza vitambaa, kazi yangu ni kupima, kwa hiyo kwenye meza ya vipimo nilisogea mbele hadi nikaombwa niwapishe wengine. Iko upande wa magharibi, ndani ya shubaka ukutani. Ni bamba la jiwe lenye mashimo ya duara yanayopishana ukubwa, na kila shimo lina tundu chini. Mteja akitilia shaka nafaka aliyopimiwa, anakuja nayo hapa. Tundu linazibwa, nafaka inamiminwa mpaka ukingoni, halafu tundu linazibuliwa na mzigo unashukia kwenye mfuko. Yaani ni pishi na kibaba vilivyochongwa kwenye jiwe, mbele za watu, ili mwenye duka asije na pishi lake la kujitengenezea.

Ukiinama unaona mashimo yamepanuliwa. Mwanzoni wenyeji walitumia vipimo vya Kiosci, yaani vya Waosci, watu wa kale wa kusini mwa Italia, na majina yake yalichongwa kando ya mashimo. Karibu mwaka 20 KK mji ukaamua vipimo vyake vilingane na vya Roma. Majina ya zamani yakafutwa, mashimo yakaongezwa, na viongozi wawili wa mwaka huo wakachonga maandishi kwamba wao ndio waliosawazisha vipimo kwa amri ya baraza. Hebu fikiria siku ile: bei ni ileile, kipimo kimekua. Wenye maduka hawakulala vizuri. (Jiwe halisi liko makumbusho ya Napoli, hili la hapa ni nakala, ila kwa kuelewa linatosha.)

Mmoja wa wale viongozi aliitwa Aulus Clodius Flaccus. Mwongozaji alituambia tulishike jina hilo, na dakika chache baadaye, tukiwa katikati ya uwanja, akalirudia. Maandishi ya kaburini kwake yanaorodhesha burudani alizowaletea wananchi hapahapa Forum wakati wa sherehe za Apollo: maandamano, mafahali na watu wa kupambana nao, na mabondia. Mji ulikuwa na uwanja wake mkubwa wa mapambano tayari, lakini bado fahali waliletwa hapa, katikati ya mahekalu na ofisi. Cheo chake kilikuwa cha kuchaguliwa, na mwaka ukiisha wanachaguliwa wengine. Mtu wa namna hiyo anarekebisha kipimo asubuhi, jioni analeta ng'ombe wa kupigana. Wapiga kura wanakumbuka yote mawili.

Kuhusu kura, kampeni zilipakwa rangi kwenye kuta za mitaa inayotoka uwanjani. Wanawake hawakupiga kura, ila majina yao yapo kwenye matangazo wakimpigia debe huyu na yule. Kuna mgombea mmoja, Vatia, aliyeandikiwa kwamba anaungwa mkono na vibaka. Tangazo jingine likasema wanaomtaka ni walevi wa usiku wa manane, jingine likasema ni watu wanaolala. Wapinzani wake walikuwa na kazi nzuri! Na ndani ya Basilica mtu mmoja alikwaruza shairi akiustaajabia ukuta kwamba haujaporomoka kwa kubeba upuuzi wa waandishi wengi hivyo. Yeye mwenyewe, bila shaka, kaandika palepale.

Jengo la Eumachia tulipita haraka na sikupenda. Alikuwa kuhani wa kike na mtu wa mali, alijenga jengo kubwa upande wa mashariki, na mafundi wa kufua na kusafisha nguo wakamwekea sanamu. Wataalamu bado wanabishana lilikuwa la kazi gani, wengine wanasema soko la nguo. Kwa mtu wa vitambaa ningekaa pale saa nzima, nikaambiwa muda umekwisha.

Sasa hiyo nyota niliyoibana. Vifaa vya kusikilizia vilikuwa vibovu, changu kilikwaruza mpaka nikakivua na kumfuata mwongozaji kwa karibu. Tangazo lao halikusema wazi kwamba tiketi ya kuingilia inalipwa kando, watu kadhaa walizozana na mpokeaji pale getini. Na kivuli hakuna. Jua la kiangazi pale ni la kuadhibiwa. Beba chupa tupu, mabomba ya maji ya kunywa yapo.

Jambo ambalo hawakutuambia, nikalipata mwenyewe: nusu ya Forum iko Napoli. Kwenye makumbusho ya taifa ya akiolojia kuna vipande vya michoro vilivyotolewa kwenye nyumba ya mwanamke mmoja wa Pompeii, Julia Felix, vinavyoonyesha uwanja ukiwa na watu. Rangi zimefifia, vumilia, sogea. Kuna muuza viatu na wateja wamekaa. Muuza nguo anawafunulia kitambaa wanawake wawili. Ombaomba na mbwa wake wanapewa sadaka na mwanamke. Watu wamesimama wanasoma tangazo refu lililotandazwa mbele ya sanamu za wapanda farasi. Na kuna mtoto wa shule anayechapwa, mwenzake kambeba mgongoni, mwingine kashika miguu, huku wanafunzi wengine wakiwa wametulia na vitabu mapajani kama vile hakuna kinachotokea. Kampuni ikiuza ziara ya uwanja pamoja na michoro hii, ningelipa bila kuuliza punguzo.

Makumbusho hufungwa Jumanne, msije mkaenda bure. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia kote kuwili ni bila malipo, ila Pompeii sasa wameweka kikomo cha watu 20,000 kwa siku, kwa hiyo amka mapema. Vigari vya kusukumia watoto acheni hotelini, mawe ya barabarani hayaelewani na magurudumu madogo.