Slivu au bloku nyingine? Uzoefu wangu na silinda iliyochimbika

Niseme mapema: nimeweka slivu, yaani bomba la chuma linaloshindiliwa ndani ya silinda liwe ukuta mpya, na nimeridhika. Lakini kama ningekutwa na ufa kwenye viti vya maini beringi, pale krenkshafti inapokalia, ningeitupa bloku (kiwiliwili cha injini chenye silinda) bila kubembelezana na mtu.

Injini yangu ni ya petroli, silinda nne, bloku ya chuma cha kusubu. Kilipu inayozuia pini ya pistoni isisogee ilichomoka, pini ikasogea upande na kuchimba mfereji kwenye ukuta wa silinda ya tatu. Mfereji wenyewe ulizidi milimita moja kwa kina. Watu walinishauri nichonge tu silinda niweke pistoni ya oversaizi, yaani pana kuliko ya kiwandani, ila hesabu ilikataa. Oversaizi za kawaida huanzia robo milimita na mara nyingi huishia milimita moja, na hicho ni kipenyo: ukutani unaondoa nusu milimita tu kila upande. Mfereji ungebaki.

Ushauri wa pili ulikuwa kununua bloku iliyotumika. Hapa ndipo nadhani wengi hujidanganya. Bloku hiyo nayo ina maisha yake nyuma: huenda imeliwa, imepata moto ikapinda uso wa juu, au nyuzi za bolti zimechoka. Utaipima yote upya, na pengine kuichonga vilevile. Tena kama namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, una safari ya ofisini inayokungoja.

Karakana niliyoipelekea haikukubali kazi kabla ya kupima, na hilo ndilo lililonifanya niwaamini. Waliipitisha kwenye sumaku na unga wa chuma kutafuta nyufa, wakajaza njia za maji presha, wakapima mstari wa maini beringi na silinda zote. Tatu zilizobaki zilikuwa bado ndani ya vipimo vya standadi, yaani vya kiwandani. Hilo likamaliza ubishi, kwa sababu slivu huchongwa kurudi standadi, kwa hiyo nilihitaji pistoni moja tu, yenye uzito unaolingana na wenzake. Kama zote nne zingekuwa zimeliwa, ningeanza kufikiria upya.

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Silinda inapanuliwa, lakini chini unaachwa ukingo mdogo ili slivu ikalie hapo isije ikateleza. Slivu hutengenezwa pana kuliko tundu kwa sehemu chache za mia za milimita, kisha inashindiliwa kwa presi. Baada ya hapo uso wa juu unasawazishwa, silinda inachongwa na kusuguliwa kwa mawe hadi ibaki michirizi ya kukingamana inayoshika oili. Wakati wa kusugua walifunga bamba nene la chuma juu ya bloku kwa nguvu ileile ya bolti za hedi, maana kukaza bolti hupindisha silinda kidogo. Niliwaomba pia wapime silinda za jirani baada ya kushindilia. Ya pili ilikuwa imesogea kidogo, wakaisugua ikakaa sawa. Nisingeomba, sijui kama wangeangalia.

Malalamiko ninayo. Bloku ilirudi na chenga za chuma kwenye njia za oili, nikaisafisha mwenyewe kwa brashi ndefu na sabuni mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Na kusawazisha uso wa juu kulikuja kama gharama ya pembeni, jambo ambalo halikutajwa mwanzoni.

Kama bloku yako ni ya aluminiamu, usichukue uzoefu wangu ulivyo. Aluminiamu hutanuka takribani mara mbili ya chuma cha kusubu, hivyo slivu iliyobana ikiwa baridi inaweza kulegea injini ikipata joto. Mpelekee anayezifanya kila siku. Dizeli kubwa zenye slivu zinazozungukwa na maji ni habari nyingine kabisa: zile zimeundwa zitolewe na kubadilishwa, hakuna cha kujadili.

Kwa sasa kompresheni ya silinda ya tatu inalingana na nyingine, oili haipungui, na rejeta haitoi mapovu. Ukienda kuulizia bei, taka iwe ya pamoja: kupima ufa, slivu, kusawazisha uso wa juu, kusugua na bamba, na kuosha.