Dagaa wa pakiti wa Mwanza: mzigo mzuri, uuzaji unaoyumba

Pakiti za dagaa hazikosekani Mwanza siku hizi. Utazikuta Mwaloni Kirumba, stendi ya Nyegezi, stendi ya Nyamhongolo, kwenye supamaketi za mjini na kwenye status za WhatsApp za wajasiriamali wasio na duka. Hapa tunazungumzia dagaa wakavu waliochambuliwa na wale wa kukaanga, wa gramu 100 hadi kilo moja, wanaofungwa na wazalishaji wadogo. Dagaa wenyewe tunawapa nyota nne kati ya tano. Uuzaji wake tunaupa mbili, na ya pili ni ya kuwatia moyo tu.

Tuanze na mzigo. Dagaa walioanikwa kwenye kichanja au wavu ulioinuliwa hutoka safi. Walioanikwa chini ufukweni hubaki na mchanga hata wakipepetwa. Ukitaka kujua, tia dagaa wa kujaa kiganja kimoja kwenye bakuli la maji masafi, koroga, acha dakika mbili, halafu mwaga maji taratibu uone kilichobaki chini. Dagaa aliyekauka sawasawa huvunjika ukimkunja na bado ana ule weupe wa fedha. Akiwa wa kahawia na tumbo limepasuka, ujue alichelewa kupata jua, mara nyingi kwa sababu ya mvua, na huyo afadhali aende kwenye chakula cha kuku.

Wauzaji wengi wa pakiti wanayajua haya vizuri kabisa. Ajabu ni kwamba hawayaonyeshi. Mteja anayepeleka dagaa Dar es Salaam au Dodoma anaogopa mchanga kuliko anavyoogopa bei, lakini anachoambiwa mezani ni "hawa ndio wenyewe, bosi". Bakuli moja la maji pale mezani lingemaliza mjadala. Na karibu hakuna anayeuliza swali la kwanza ambalo lingempasa kuuliza: dagaa ni wa nini? Mama anayetaka kusaga unga wa lishe anahitaji waliochambuliwa vichwa na matumbo, wasio na chumvi. Msafiri wa basi anahitaji pakiti isiyotoa harufu. Mama ntilie anataka kilo nyingi, wala hana haja na lebo ya rangi. Wote watatu wanasukumiwa pakiti ileile.

Bei ndiyo sehemu inayoumiza zaidi. Mteja akinyamaza kidogo tu, elfu kumi inashuka hadi elfu saba bila hata kuombwa. Muuzaji anaona amemwokoa mteja asiondoke, kumbe amemfundisha kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha. Ni heri ushikilie bei, kisha utoe pakiti ndogo kwa mwenye bajeti ndogo.

Lakini kuna kosa linalotangulia hilo: wengi hawajui pakiti imewagharimu kiasi gani. Chukua mfano wa kufikirika. Kilo moja ya dagaa wakavu imenunuliwa kwa shilingi 9,000, na uchambuzi, mifuko na lebo vimekula 3,000. Jumla 12,000. Mzalishaji anagawa gramu 1,000 kwa 100, anaona pakiti kumi, anaziuza dukani kwa 1,500 kila moja na kuhesabu faida ya 3,000. Amesahau kwamba vichwa, matumbo na vumbi vimeondoka. Ikiwa robo ya uzito imepotea, amebaki na gramu 750, yaani pakiti saba na nusu, zenye thamani ya 11,250. Kila kilo inamla 750. Kadiri anavyouza ndivyo anavyozama, na hapo hajahesabu nauli wala vocha. Dawa ni kupima uzito baada ya kuchambua, ndipo upange bei.

Vipimo navyo vinaleta manung'uniko. Sokoni dagaa huuzwa kwa sado na debe, pakiti huuzwa kwa gramu, na anayefanya yote mawili hukosa jibu akiulizwa sado yake ni kilo ngapi. Uzito hubadilika kwa ukubwa wa dagaa, ukavu wao na namna kopo lilivyotikiswa. Weka mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo, upime mbele ya mteja.

Dagaa wa kukaanga wanahitaji ukali zaidi. Pakiti laini, zenye mvuke ndani, zimefungwa dagaa wakiwa bado na joto. Zenye mafuta chini hazikuchujwa. Mafuta yaliyorudiwa mara nyingi, ukiongeza na mfuko mwembamba unaoonyesha ndani uliokaa juani, huwachachua haraka. Utaisikia harufu kabla hujaonja. Wachuje kwenye wavu, wapoe kabisa, wafungwe kwa mashine ya kuziba (kuziba kwa mshumaa huweza kuacha tundu), na tarehe ya kutengenezwa iandikwe. Pakiti isiyo na tarehe usinunue, hata muuzaji awe mcheshi namna gani.

Tatizo la tarehe linatupeleka kwenye mali kauli. Mzalishaji anaacha pakiti thelathini dukani, analipwa zikiuzwa, halafu harudi mwezi mzima. Mwenye duka anazipanga dirishani kwenye jua, zinachacha, na jina linaloharibika ni lililo kwenye lebo. Andikiana naye idadi na tarehe, pita kila wiki mbili, ondoa za zamani, chukua hela ya zilizouzwa. Anayekataa kuandikiana mwache.

Mtandaoni hali si nzuri zaidi. Picha ni kali, chini yake "bei njoo inbox", na jibu linakuja kesho yake, wakati mteja ameshanunua kwingine. Andika bei, uzito na gharama ya kutuma kwa basi palepale kwenye picha. Jina linalotokea kwenye Lipa Namba lifanane na la biashara, maana mteja wa mkoani akiona jina geni hasiti kufuta muamala. Mzigo ukishaingia kwenye basi, mtumie picha ya risiti kabla hajauliza.

Jambo la mwisho ni mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mwezi mpevu ukiwaka uvuvi hupungua na bei hupanda. Wauzaji wazuri huwaambia wateja mapema na kuweka akiba. Wengine hupokea oda, kisha huzima simu. Ukihitaji kilo nyingi, agiza siku za giza, na uombe kwanza gramu 100 za kujaribu kwenye bakuli.