Rear Window ya 1954: kamera haitoki chumbani na bado unatetemeka

Jamani hii muvi naomba niisemee. Rear Window ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1954, mimi nimeiangalia geto hapa Mabatini na mdogo wangu, na kwa mtu wa Mwanza anayekaa mlimani itamwingia zaidi maana nyumba zetu zimepandana kwenye mawe, ukisimama mlangoni unaona uani kwa watu wa chini yako, nani anafua, nani kanuniana na mkewe, nani tangu jana haonekani. Stelingi ndo yuko hivyohivyo. Jeff ni mpiga picha wa magazeti, kavunjika mguu kafungwa hogo, yuko New York kwenye kiti cha magurudumu, joto kali, kazi yake kuchungulia majirani dirishani mpaka anaanza kuhisi jamaa wa upande wa pili kamuua mkewe.

Sasa kamera. Karibu muvi nzima haitoki kwenye kile chumba, unachoona wewe ndo anachoona Jeff, akichukua lenzi ndefu ndo na wewe unasogea, akisinzia mambo yanampita. Mwanzoni kabisa inazunguka uani, inarudi ndani, uso una jasho, kipimajoto, mguu kwenye hogo, kamera iliyovunjika, kisha picha ukutani ya ajali ya gari la mashindano, tairi linakuja mbele yako. Hakuna aliyeongea neno na tayari umejua ni nani, kaumiaje, na kwa nini anaboreka hivyo! Na ule uwanja wote na maghorofa yake vilijengwa ndani ya studio ya Paramount, kule Hollywood.

James Stewart anaigiza amekaa. Hakimbii, hapigi mtu, ni macho tu na jinsi anavyoshika ile lenzi. Grace Kelly, Lisa, mwanzoni unamwona mrembo tu wa mjini, halafu yeye ndo anaingia kwa mtuhumiwa. Pale anapokamatwa, anaficha mkono nyuma na kumwonyesha Jeff kidoleni pete ya marehemu, yule jamaa (Raymond Burr) anashusha macho anaiona ishara, anafuata inakoelekea, halafu anainua uso anatazama moja kwa moja kwenye kamera, yaani anakutazama WEWE. Mdogo wangu alivuta shuka. Burr muda mwingi unamwona kwa mbali, maneno yake huyapati vizuri, na ndo maana anatisha.

Mwisho siusemi.

Ila ombi langu, usitafute iliyotafsiriwa na DJ. Nawapenda wale jamaa lakini hapa sauti za uani, kinanda cha jirani, redio, magari, ndo zinabeba wasiwasi, mtu akiongea juu yake imeharibika. Chukua ya Kiingereza yenye maandishi chini, zima taa, vaa earphone kama jirani ana sabufa.