Wamenikatia Voyager pale pale panapouma

Nina hasira na sitaficha. Hii huduma ya kutazama tamthilia mtandaoni niliilipia kwa sababu moja tu: walitangaza wanayo Star Trek: Voyager, misimu yote saba.

Kwa asiyeijua, ni meli ya anga iliyotupwa umbali wa miaka ya nuru 70,000 kutoka kwao. Kurudi ni miaka 75 kwa mwendo wa kasi. Nahodha Janeway hana mkubwa wa kumuuliza huko, na mimi ninachofuatilia ni hicho: ataishika sheria mpaka wapi?

Juzi kati nikafika "Equinox", kipindi kinachofunga msimu wa tano. Wanakutana na meli nyingine, Equinox, iliyopotea huko huko. Watu wake wengi wameshakufa, na nahodha wao, Ransom, anaua viumbe ili miili yao iwe mafuta ya kumfikisha nyumbani haraka. Janeway anamkamata, anamsomea sheria. Kisha mapambano, kipindi kinakatika. Nabonyeza sehemu ya pili: "Haipatikani katika eneo lako."

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Dada aliyepokea akanijibu kwa sauti ya kuchoka: "Kaka, si hadithi tu hiyo? Yule mama anashinda. Ruka, tazama kinachofuata."

Niruke! Sehemu ya pili niliwahi kuiona zamani, najua kilichomo. Janeway huyo huyo, katika kumsaka Ransom, anamweka baharia wa Equinox mahali pasipo kinga ili viumbe wale wamfikie asiposema anachokijua. Msaidizi wake Chakotay ndiye anayeingia kumwokoa, na baadaye anavuliwa madaraka. Ransom, yule muuaji, ndiye anayejuta na kufa akiwaokoa wengine. Ukikiondoa kipande hicho, mtazamaji mgeni analala akiamini kuna nahodha msafi na nahodha mchafu. Tamthilia haikusema hivyo. Wamemuuzia uongo.

Haki yao niwape: picha ni safi, haikwami hata mtandao ukisuasua, na vipindi vya mwanzo nimevitazama kwa furaha kubwa. Nilishaanza kuandika nyota tatu. Lakini kila nikikumbuka "si hadithi tu" damu inachemka. Moja. Na mwezi ujao silipi mpaka sehemu ya pili irudi.