Miezi Kumi na Kapu la Kupikia Bila Moto: Tathmini ya Mama Anayesomesha Watoto Nyumbani

Kapu ninalolizungumzia nililinunua hapa Nakuru kwa shilingi 2,800, kutoka kwa kikundi cha akina mama wanaoyashona nyumbani na kuyauza siku za soko. Ni kapu pana lililosukwa kwa mafunjo, ndani limejazwa vipande vya sponji ya godoro vilivyoshonewa kati ya vitambaa viwili vya pamba, na juu lina mto mnene wa duara unaofunika sufuria. Nafasi ya katikati imeshonwa kwa kipimo cha sufuria ya lita 7 pamoja na kifuniko chake. Halina waya wala betri, na halitoi joto lolote lenyewe. Kazi yake ni kulizuia lile joto ambalo chakula kimekwisha kulipata motoni lisipotee, ili chakula kiendelee kuiva kikiwa kimefunikwa. Nimelitumia karibu kila siku kwa miezi 10, na sasa ninaweza kulisifu na kulikosoa kwa haki.

Nyumbani kwetu tuko watu sita. Kifungua mimba ana miaka 13, kitinda mimba ana miaka 3, na watoto wote husomea nyumbani mikononi mwangu. Kipato ni kimoja, cha baba yao, kwa hiyo shilingi inayotumika kununua gesi ni ileile ambayo ingenunua daftari, kitabu au rangi. Hata hivyo, kilichonisukuma kulinunua kapu hakikuwa gesi hasa, bali asubuhi zangu. Masomo yetu huanza saa mbili na nusu na kuendelea hadi saa sita na nusu, na huo ndio wakati ambao githeri, maharagwe, njahi au matumbo hutakiwa kuwa motoni ili chakula cha mchana kiwe tayari. Kwa miaka mitatu nilifundisha nikiwa na sikio moja jikoni. Nilikuwa namwacha mtoto katikati ya hesabu ya sehemu ili nikaongeze maji, nikirudi nakuta amekwisha kupoteza njia, tunaanza upya, na baada ya dakika 20 nainuka tena. Mtoto anayejifunza kusoma anahitaji mtu atakayeketi kando yake bila kubanduka hadi amalize ukurasa, na mimi sikuwa na robo saa kamili ya kumpa.

Sasa utaratibu ni huu. Mahindi na maharagwe huloweshwa usiku. Saa moja asubuhi, watoto wakiwa wanakunywa uji, namwaga maji ya kuloweshea, natia maji mapya na kubandika sufuria. Ikishaanza kuchemka, naiacha itokote kwa nguvu kwa nusu saa, kisha nafuta masizi na unyevu chini yake, naitumbukiza ndani ya kapu na kufunika mto. Hapo bado haijatimia saa mbili. Sirudi tena jikoni hadi masomo yaishe, na nikifungua nakuta punje zimepasuka na maharagwe yanapondeka kwa kijiko. Kinachobaki ni kukaanga kitunguu na nyanya, kumimina githeri juu yake na kuichemsha tena kwa dakika 10. Asubuhi nzima jiko limezimwa, na kitinda mimba anacheza sakafuni bila mimi kuwa na wasiwasi wa maji yanayotokota juu ya kichwa chake.

Kuhusu gesi, sikutaka kuamini hisia zangu, kwa hiyo tulipima. Tuna mizani ndogo ya kuning'iniza, ya aina inayotumika kupimia mizigo ya safari, na mtoto wa pili, mwenye miaka 10, alipewa kazi ya kupima mtungi kabla na baada ya kupika. Uzito wa mtungi mtupu huwa umegongwa kwenye chuma chake, hivyo kujua gesi iliyobaki ni hesabu ya kutoa tu, na alipenda kuifanya kwa sababu jibu lake lilikuwa na maana kwa nyumba nzima. Githeri iliyopikwa motoni tangu mwanzo hadi mwisho ilitumia takribani gramu 260. Githeri ya kapu, pamoja na kuichemsha tena mwishoni, ilitumia takribani gramu 130. Mtungi wetu wa kilo 13, ambao awali ulidumu siku 34, sasa hudumu siku 49. Kwa bei ya shilingi 3,200 tunayolipa kuujaza, hiyo ni akiba ya karibu shilingi 29 kwa siku, na kapu lilirudisha gharama yake kabla ya siku ya 100. Kwa mwaka akiba hiyo inakaribia shilingi 10,500. Kwa familia inayojinunulia kila kitabu na kila kifaa cha masomo bila msaada wa mtu, fedha hiyo inaonekana.

Kitu ambacho wauzaji hawakunieleza, na ambacho mnunuzi anapaswa kukijua kabla ya kitu kingine chochote, ni kwamba kapu lina mipaka ya joto, na mipaka hiyo inahusu usalama. Nakuru iko juu sana, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi wala hayafiki 100. Kwa hiyo tunaanza tukiwa na joto pungufu kuliko mtu wa Mombasa anayetumia kapu lilelile. Kifungua mimba alifanya jaribio la sayansi kwa kipimajoto cha chakula: sufuria iliyojaa iliingia kapuni ikiwa nyuzi 94, baada ya saa moja ilikuwa 90, baada ya saa mbili 86, baada ya tatu 82 na baada ya nne 78. Baada ya saa nane ilikuwa 66, na baada ya saa 12 ilikuwa imeshuka hadi 56. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikisubiri kuliwa kibaki juu ya nyuzi 60, kwa kuwa chini ya hapo vijidudu huanza kuongezeka. Ndiyo maana sikubali kabisa ushauri unaosikika sokoni kwamba unaweza kutia nyama jioni na kuila asubuhi. Kwetu mwisho wa chakula kukaa kapuni ni muda wa saa sita, na kila chakula huchemshwa tena kabla ya kupakuliwa.

Alirudia jaribio hilo kwa sufuria iliyojaa nusu tu, na baada ya saa nne joto lilikuwa 66 badala ya 78. Tofauti hiyo ni kubwa. Chakula chenyewe ndicho kinachobeba joto, na hewa iliyobaki juu yake haisaidii kitu, kwa hiyo familia ya watu wawili au watatu isinunue kapu la lita 7 kwa kufikiri kwamba kubwa ndilo bora. Pima sufuria unayoijaza kila siku, kisha utafute kapu la kipimo hicho.

Kuna jambo moja kuhusu maharagwe mekundu ambalo naomba lizingatiwe. Maharagwe hayo yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, na sumu hiyo huharibiwa kwa kuchemshwa hasa, si kwa kupashwa joto la wastani hata kama ni kwa saa nyingi. Kapu haliwezi kuchemsha kitu. Mtu akiyapasha maharagwe kidogo tu kisha akayatia kapuni ili abane gesi zaidi, yanaweza kulainika huku sumu ikiwa imebaki. Nusu saa ya kutokota kwa nguvu haipunguzwi, hata mwisho wa mwezi ambapo mtungi unakaribia kuisha.

Vyakula vingine vimenipa furaha ya wazi. Ndengu zilizoloweshwa huhitaji dakika 10 tu motoni na saa moja na nusu kapuni. Wali huiva vizuri kwa saa moja baada ya kuchemka dakika tano, ila maji yapunguzwe, kwa sababu mvuke unaopotea ni kidogo. Mimi hutia vikombe vitatu vya maji kwa vikombe viwili vya mchele, na ukoko siujui tena. Matumbo, ambayo zamani tuliyala mara moja kwa mwezi kwa sababu ya gesi yanayomaliza, sasa tunayapika kila wiki, na protini hiyo ya bei nafuu imeingia mezani pasipo kuongeza bajeti. Ndizi na viazi huiva bila kuvurugika. Ugali, chapati na sukuma wiki havihusiki na kapu, na anayetarajia kapu lichukue nafasi ya jiko atasikitika bure.

Hata maziwa tumeyajaribu. Tunayachemsha, tunayaacha yapoe hadi nyuzi 43, tunachanganya vijiko viwili vya yogati isiyo na sukari, tunayamimina kwenye mitungi ya glasi, tunaiweka kapuni ikiwa imezungukwa na maji ya nyuzi hizohizo, na baada ya saa saba yamegandamana. Lita moja ya yogati ya nyumbani hutugharimu bei ya maziwa tu. Kwa watoto, hilo lilikuwa somo la bakteria walilolila kwa kijiko, na sijaona ukurasa wa kitabu uliowaingia namna hiyo. Historia nayo ilipata sehemu yake, maana wazo hili ni la zamani: chombo cha aina hii kutoka Norwei kilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1867, na wakati wa vita vya dunia kaya za Uingereza zilihimizwa kupikia katika masanduku yaliyojazwa majani makavu ili kuokoa makaa ya mawe.

Sasa kasoro. Ushonaji wa kapu langu haukustahili bei yake. Mwezi wa tatu mshono wa mto ulifumuka na vipande vya sponji vikaanza kuhamia upande mmoja, hata katikati pakabaki pembamba na joto likapitia hapo. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kitambaa cha ndani kimeshonwa moja kwa moja kwenye kapu, hakitoki kufuliwa. Mvuke hukilowesha kila siku, mchuzi humwagika mara mojamoja, na baada ya msimu wa mvua niliona alama nyeusi za kuvu chini kabisa. Nilirudi kwa walioliuza nikawaeleza, wakanipokea kwa heshima na kuahidi kunishonea kitambaa cha ndani chenye zipu, lakini ahadi hiyo haijatimizwa hadi leo. Tuliutengeneza mto wenyewe: kifungua mimba aliufumua, akaugawa kwa mishono ya miraba ili sponji isihame, na akaushona kwa uzi wa nailoni. Kwa ndani sasa natandika taulo kuukuu ninaloliondoa kila siku na kulianika, na Jumamosi kapu lenyewe hushinda juani likiwa wazi.

Kabla ya kapu nilikuwa nimejaribu katoni iliyojazwa magazeti na blanketi la zamani, bila gharama yoyote, na kwa haki nitaje matokeo yake. Baada ya saa nne sufuria iliyojaa ilikuwa na nyuzi 70. Hiyo inatosha kwa wali na ndengu, ingawa kwa githeri ya mahindi makavu haikutosha, na katoni ililegea kwa unyevu ndani ya wiki tano. Mwenye katoni na blanketi aanze hapo kwa mwezi mmoja, aone kama utaratibu wa kupika mapema unaikubali nyumba yake, ndipo atoe pesa. Anayepikia kwenye kuni au makaa azingatie pia kwamba cheche moja iliyonasa chini ya sufuria inaweza kuunguza sponji, kwa hiyo sufuria ikanyagishwe kwanza juu ya kitambaa chenye maji.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie sufuria ya presha. Ninayo, na naithamini, kwa sababu huivisha maharagwe kwa dakika 45 na gesi inayotumia ni kidogo. Lakini inataka mtu awe karibu, asikilize mvuke, apunguze moto, na raba yake ibadilishwe ikichakaa. Naitumia siku tulizochelewa kuamka au tulizosahau kulowesha. Ile ya umeme ni nzuri kwa walio na umeme wa uhakika, ila huku kwetu hukatika mara nyingi mno kwa mtu kuutegemea chakula cha watoto.

Kwa familia yenye watu watano au zaidi, inayopika nafaka na kunde mara nne au zaidi kwa wiki, na ambayo mtu mzima yupo nyumbani asubuhi akiwa na kazi nyingine ya kufanya, nalipendekeza kapu hili bila kusita, kwa sharti kwamba kitambaa cha ndani kiweze kutolewa. Litikise kabla ya kulipa, bonyeza mto katikati kwa kidole gumba, na ukihisi vidole vya mkono wa pili upande wa chini, liache. Mimi nimeagiza la pili kwa fundi mwingine, la sufuria ya lita 3, lenye zipu, kwa ajili ya wali na yogati. Nimelipa nusu ya shilingi 1,600 tulizokubaliana, na nusu iliyobaki nitaitoa siku nitakapolivua kitambaa mbele yake na kukirudisha.